Umeme Unapokatika Katikati ya Baridi Kali: Mwongozo Kamili wa Kukaa Salama Nyumbani

Umeme unapokatika wakati wa baridi kali, nyumba haipoi papo hapo. Kuta, sakafu, makabati, magodoro na hata maji yaliyomo kwenye mabomba bado yana joto lililojikusanya tangu kabla ya giza kuingia, na joto hilo huondoka polepole kwa saa kadhaa, kufuatana na ukali wa baridi ya nje, unene wa kuta na wingi wa nyufa. Watu wengi huzipoteza saa hizo wakingoja umeme urudi, na wanapoanza kutetemeka ndipo wanapohangaika kutafuta kitu cha kuwasha. Mwongozo huu umepangwa kinyume cha mazoea hayo: kwanza unalinda joto ulilo nalo, kisha unalisogeza karibu na miili ya watu, na moto unakuja baadaye, tena kwa masharti.

Mpangilio huo una sababu. Mwezi Februari 2021, baridi isiyo ya kawaida ilipolikumba jimbo la Texas nchini Marekani na mamilioni ya nyumba zikakosa umeme, zaidi ya watu 200 walifariki. Wengi waliuawa na baridi yenyewe, lakini wapo pia waliouawa na hewa yenye sumu kutoka kwenye magari, majenereta na majiko ya mkaa yaliyowashwa mahali pasipofaa kwa nia njema ya kupata joto.

Hatua ya kwanza: nusu saa ya mwanzo

Chungulia nje uone kama nyumba za jirani nazo ziko gizani. Ikiwa ni kwako peke yako, angalia swichi kuu. Iliyojizima irudishe mara moja tu, na ikijizima tena iache, kwa kuwa kuna hitilafu inayohitaji fundi. Ikiwa ni mtaa mzima, toa taarifa kwa shirika linalowauzia umeme, wala usidhani kwamba jirani ameshafanya hivyo, kwa kuwa naye huenda anadhani hivyohivyo juu yako. Ukiona waya ulioanguka, kaa mbali nao angalau mita 10 na uuhesabu kuwa una umeme hata kama umelala kimya kwenye theluji.

Kisha zima kila kilichokuwa kikitumika. Jiko la umeme na pasi ndivyo vya kwanza, kwa sababu ya jambo ambalo hutokea kwa urahisi ajabu: katika giza mtu huweka blanketi au boksi juu ya jiko lililosahauliwa likiwa limewashwa, kila mtu analala, umeme unarudi saa tisa za usiku, na nyumba inaanza kuungua. Chomoa pia kompyuta, televisheni na hita, kwa kuwa umeme unaporudi nguvu yake huweza kupanda ghafla na kuviharibu. Acha taa moja tu ikiwa imewashwa ili ikujulishe umeme ukirudi.

Wenye kupasha nyumba kwa gesi au mafuta hushangaa kuona kwamba nao wamepoa. Boila, yaani mtambo unaochemsha maji ya kupasha nyumba, inaweza kuwa na gesi tele, lakini pampu inayozungusha maji, feni na vidhibiti vyake vyote hutegemea umeme. Hilo si la kurekebisha kwa kuchokonoa mitambo gizani. Ihesabu boila kuwa imezimika na uendelee na hatua zinazofuata.

Katika nusu saa hiyohiyo, kinga maji. Ikiwa maji yako huvutwa na pampu ya umeme, yaliyobaki kwenye tangi na mabomba ndiyo yote uliyo nayo. Jaza sufuria, madumu na chupa kwa hesabu ya lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kwa ajili ya kunywa na matumizi madogo, kisha jaza bafu au ndoo kubwa kwa ajili ya choo. Theluji huweza kuyeyushwa baadaye, ila sufuria iliyojaa theluji hutoa maji kidogo mno, na maji hayo lazima yachemshwe kabla ya kunywewa. Kuila theluji ikiwa bado theluji kunaupoza mwili kutoka ndani.

Hatua ya pili: chagueni chumba kimoja

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, nayo ndiyo inayopuuzwa zaidi, pengine kwa sababu watu huona aibu kuhamia wote chumba kimoja kwa jambo wanaloamini litakwisha baada ya saa moja. Hameni mapema. Mkimaliza kuhama na umeme ukarudi, mmepoteza dakika 20 tu; mkichelewa, mtahamia chumba ambacho nacho kimeshapoa.

Chumba kinachofaa ni kidogo, dari yake ni ya chini, madirisha yake ni machache, na kuta zake zinapakana na vyumba vingine badala ya kupakana na nje. Chumba cha katikati ya nyumba ni bora kuliko kile kilicho pembeni mwa nyumba au juu ya gereji. Ikiwa kuna vyumba viwili vinavyolingana, chagua kile kinachopata jua mchana: jua linalopita kwenye kioo hupasha chumba hata nje kukiwa na theluji. Ndiyo maana mapazia hufunguliwa jua likiwa linapiga dirishani, na hufungwa mara tu linapoondoka.

Baada ya kuchagua chumba, ziba. Kunja taulo na uliweke chini ya mlango. Tundika blanketi juu ya mlango na jingine juu ya dirisha, likiwa limeshuka hadi sakafuni ili hewa baridi inayoteremka kwenye kioo isimwagike chumbani. Usiku wa kwanza nilipofanya kazi hii niliamini kwamba madirisha ndiyo adui. Nilishika mshumaa uliowashwa, nikausogeza taratibu kuzunguka chumba, mbali na mapazia, nikiangalia mwali. Dirishani ulisimama wima. Kwenye pembe ya ukuta, pale bomba la maji linapopenya, ulilala upande kabisa kama uliopulizwa na mtu, na tundu lenyewe halikuzidi upana wa kidole gumba. Soksi moja kuukuu ilitosha kuliziba. Tangu hapo siamini macho yangu juu ya mahali baridi inapoingilia. Nauliza mwali kwanza, kisha nauzima.

Sakafu nayo hunyonya joto, hasa ikiwa ni ya saruji au vigae. Tandika zulia, magodoro, maboksi yaliyokunjuliwa, hata magazeti, na usimwache mtu alale moja kwa moja juu ya sakafu. Ikiwa una hema dogo, lisimamishe ndani ya chumba na mlale humo. Kama huna, tandaza mashuka juu ya meza na mjenge kibanda chini yake. Watoto watadhani ni mchezo, na hakuna haja ya kuwaeleza vinginevyo. Weka pia kipimajoto cha kawaida ukutani, mbali na miili yenu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza nyumba isipungue nyuzi 18 za Selisiasi, nawe hutaweza kuifikia daima, lakini namba inayoshuka saa hadi saa inakupa ukweli ambao mwili uliozoea baridi hautakuambia.

Hatua ya tatu: joto la mwili

Nguo kadhaa nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine huhifadhi joto kuliko koti moja zito, kwa sababu hewa iliyonaswa kati yake ndiyo inayozuia baridi. Karibu na ngozi vaa nguo kavu isiyobana; pamba ikilowa jasho hupoza mwili, ilhali sufu huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu. Kabla ya kulala badilisha soksi hata kama zilizopo zinaonekana kavu. Vaa kofia. Mle na mnywe vya moto kama kuna njia salama ya kuvipasha, kwa kuwa mwili hutengeneza joto kutokana na chakula, na asiyekula hupoa upesi. Pombe iepukwe: humfanya mtu ajihisi ana joto huku ikipanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi na kulipoteza joto la ndani.

Maji ya moto yaliyofungwa vizuri kwenye chupa isiyovuja, ikazungushiwa kitambaa, hupasha kitanda kwa saa nyingi. Isiguse ngozi moja kwa moja, hasa ya mtoto au ya mzee ambaye hisia za miguu zimepungua. Watu wazima na watoto wakubwa walale karibu karibu chini ya mablanketi yaleyale. Kwa mtoto mchanga kanuni ni tofauti: avalishwe nguo za kutosha na abebwe kifuani na mtu mzima aliye macho, wala asilazwe chini ya rundo la mablanketi au katikati ya watu waliolala, kwani anaweza kukosa hewa bila mtu kujua.

Jifunze kuitambua hali ya mwili kupoa kupita kiasi, yaani pale joto lake linaposhuka chini ya nyuzi 35. Dalili za mwanzo ni kutetemeka, vidole kushindwa kufunga kifungo, na maneno kuburuzika mdomoni. Baadaye mtu huchanganyikiwa, husinzia, na kutetemeka hukoma. Hapo ndipo wengi hudanganyika wakidhani amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa nguvu. Mtoto mchanga huenda asitetemeke kabisa, bali akawa mlegevu na ngozi yake ikawa baridi na nyekundu. Wazee huathirika hata katika chumba ambacho vijana wanakiona cha kawaida, kwa hiyo mzee asiulizwe tu kama anasikia baridi. Ashikwe tumbo au kifua, na pakiwa baridi jambo hilo lichukuliwe kuwa la dharura.

Mtu wa namna hiyo avuliwe nguo zenye unyevu, afunikwe pamoja na kichwa, na apashwe kuanzia kifua, shingo na kinena, si mikono na miguu. Asisuguliwe ngozi. Kama ana fahamu timamu na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha moto kiasi kisicho na pombe, huku msaada wa tiba ukitafutwa.

Hatua ya nne: moto, na hewa inayoua kimya

Kila kitu kinachoungua hutoa gesi, na kikiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikivutwa, hujishika na himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa hewa huku akiwa anapumua vizuri. Huanza kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu, mambo ambayo mtu aliyechoka na baridi huyahesabu kuwa mafua. Tofauti ni kwamba hakuna homa, kwamba watu kadhaa wa nyumba moja huugua kwa pamoja, na kwamba hupata nafuu wakitoka nje. Aliyelala huweza asiamke tena. Dalili hizo zikijitokeza, tokeni wote nje mara moja, hata kama nje kuna theluji, na mwite msaada mkiwa hukohuko nje.

Mkaa ndio unaohitaji kusemwa kwa msisitizo, kwa sababu wengi tumelelewa na jiko la mkaa na tunadhani tunalijua. Tunasubiri moshi uishe, makaa yaive yawe mekundu, kisha tunaliona salama. Moshi si kipimo. Makaa yaliyoiva vizuri, yasiyotoa moshi hata kidogo, ndiyo yanayomwaga gesi hiyo, na chumba ulichokiziba kwa taulo na mablanketi ndicho kinachoihifadhi. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi. Jiko la mkaa, jiko la kambini na la kuchomea nyama hukaa nje, pasipo mjadala.

Jiko la gesi la kupikia laweza kutumika kwa kupika tu, dirisha likiwa limefunguliwa kidogo, na lizimwe mara chakula kinapoiva. Majiko mengine huwashwa kwa kiberiti. Mengine yana vali inayofunguka kwa umeme, nayo yakikataa yaache. Oveni ya gesi isitumike kupasha chumba. Hita ya mafuta ya taa iwe ile iliyotengenezwa kutumika ndani, itiwe mafuta yanayoihusu, iachiwe nafasi ya hewa, na isiachwe ikiwaka watu wakilala.

Jenereta hukaa nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha, bomba lake la moshi likielekea mbali na nyumba. Gereji si nje, hata mlango wake ukiwa wazi. Iache ipoe kabla ya kuiongeza mafuta. Na kamwe usiiunganishe kwenye soketi ya ukutani: umeme wake utarudi kwenye nyaya za mtaa na kumuua fundi aliyepanda nguzo akiamini hazina umeme. Gari nalo, likitumika kuchajia simu au kupumzikia, liwe nje ya gereji, na bomba lake la moshi liondolewe theluji kabla ya kuliwasha.

Wenye tanuri la kuni lenye bomba la moshi lililosafishwa wana bahati, ila majivu yake yawekwe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, nje, mbali na ukuta. Kaa lililofunikwa na majivu huweza kubaki hai kwa siku kadhaa. Kifaa cha betri cha kutambua moshi na kaboni monoksaidi kiwe karibu na mahali mnapolala. Kuhusu mwanga, tochi ya kuvaa kichwani huacha mikono yote miwili huru, na tochi ya kawaida ikiegemezwa chini ya chupa angavu ya maji hueneza mwanga chumba kizima. Mishumaa iwe ya dharura, na isiwake pasipo mtu aliye macho.

Chakula na dawa

Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa takribani saa 4. Friza iliyojaa kwa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Watu husema, mbona nje kuna barafu, tutoe tu chakula? Nje si friji: jua la mchana hukipasha, usiku hukigandisha, na wanyama hukifungua. Njia bora ni kugandisha chupa za maji huko nje, ukiziacha na nafasi juu, kisha kuziingiza ndani ya friji. Kilichoyeyuka lakini bado kina chembe za barafu kinaweza kugandishwa tena. Nyama, maziwa na vyakula vilivyopikwa vilivyopata joto vitupwe, na usivionje ili kujua.

Kwa insulini, kuganda ni hatari kuliko joto la kawaida la chumba. Iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana sawa, ilhali nyingi ya zile zinazoendelea kutumika huvumilia joto la kawaida la chumba kwa takribani wiki 4. Iwekwe basi kwenye kisanduku kilichozungushiwa kitambaa ndani ya chumba chenu, si dirishani wala kwenye gari. Anayetegemea mashine ya oksijeni asingoje: apange mahali pa kwenda tangu dakika za kwanza.

Mabomba

Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9, na bomba halina pa kuyapeleka. Yaliyo kwenye kuta za nje na vyumba visivyopashwa ndiyo hupasuka kwanza. Fungua milango ya makabati ya chini ya sinki ili joto la nyumba liyafikie, na kama maji huja kwa nguvu ya mtandao wa mtaa na si kwa pampu yako, acha bomba la mbali zaidi lichuruzike kidogo. Joto la ndani likikaribia sifuri, funga koki kuu, fungua bomba la juu kabisa na la chini kabisa, vuta choo, na uache mfumo utoke maji. Kila mkaazi wa nyumba angepaswa kujua koki hiyo iko wapi kabla ya siku ya shida. Kuitafuta kwa tochi huku maji yakimwagika darini ni adhabu. Bomba lililoganda liyeyushwe kwa vitambaa vilivyochovywa kwenye maji ya moto, kuanzia upande wa kinywa cha bomba. Moto wa wazi usilikaribie.

Mawasiliano, na uamuzi wa kuondoka

Betri za lithiamu hulegea kwenye baridi, na simu iliyoonyesha asilimia 40 huweza kuzimika ghafla mezani. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Tuma ujumbe badala ya kupiga, punguza mwanga, na utumie redio ya betri kwa habari.

Usifanye hesabu ya saa peke yake. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo na nyaya huko Quebec nchini Kanada, na baadhi ya nyumba zilikaa bila umeme kwa takribani mwezi mzima. Maoni yangu ni kwamba familia yenye mtoto mchanga, mzee au mgonjwa iondoke kipimajoto kinapoelekea nyuzi 10 ndani ya chumba kilichozibwa, na iondoke mchana, barabara zikionekana na watu wakiwa bado na nguvu. Kabla ya kufunga mlango, toa maji kwenye mabomba, zima swichi kuu, mwambie jirani mnakokwenda, na umpitie yule anayeishi peke yake.

Umeme unaporudi

Ile taa moja ikiwaka, ngoja dakika chache kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa mtaa mzima ukiwasha hita kwa mpigo mmoja umeme huweza kukatika tena. Anza na mfumo wa kupasha nyumba, kisha friji, halafu vingine kimoja kimoja. Koki kuu ifunguliwe kidogo kidogo, mtu mwingine akisikiliza kuta. Bomba lililopasuka likiwa limeganda halivuji mpaka barafu iliyomo iyeyuke, hivyo ukaguzi wa mara moja hautoshi: baada ya saa mbili tatu, nyumba ikiwa imeshapata joto, chukua tena tochi, piga magoti chini ya kila sinki, na upapase mabomba kwa mkono mkavu.